Kuku Hawana Jumapili

Hotuba kwa walimu wakuu, kamati za shule na wafanyabiashara, Singida. Nimeiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maofisa elimu kata, walimu wakuu wenzangu, wenyeviti na wajumbe wa kamati za shule, ndugu zetu wafanyabiashara mliofunga maduka asubuhi hii ili mje kukaa nasi, wazazi. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, nimewasikia, marahaba.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku za miradi ya biashara na ubunifu katika shule za msingi. Nimefundisha miaka 38, na nusu ya pili ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu hapa hapa mkoani kwetu. Leo sikuja na picha za ukutani. Nimekuja na kauntabuku hili moja, limefunikwa gazeti, pembe zimeliwa na mende, na ukurasa wa kati una doa la kiini cha yai. Nitawaeleza lilikotoka. Lakini kwanza naomba kila mmoja wetu ajiulize swali moja, na ajijibu kimoyomoyo bila kumtazama jirani yake: mradi wa shule ni wa nani?

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1970. Wenye umri wangu humu ndani wanakumbuka. Ilikuwa ni enzi ya Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliitoa sera ile Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Shuleni kwetu tulikuwa na shamba la karanga, na kila Ijumaa tuliacha madaftari darasani tukashika majembe. Tulilima, tulipalilia, tulivuna, tulipukuchua mpaka vidole vikachubuka. Magunia yakapakiwa kwenye lori. Nililitazama lori lile likipotea kwenye vumbi, na mpaka namaliza darasa la saba hakuna mtu aliyewahi kuniambia karanga zile ziliuzwa shilingi ngapi, wala fedha ilikwenda wapi.

Sasa nendeni mkaisome sera yenyewe. Mwalimu alitaka shule iwe jamii. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi ya shamba, washiriki kuamua, waone hesabu za mapato, wajue faida imetumikaje. Hayo yote yamo. Kilichotufikia kijijini ni nini? Jembe lilifika, daftari halikufika. Nasema tena, jembe lilifika, daftari halikufika. Na ndugu zangu, miaka zaidi ya hamsini imepita, na katika shule nyingi ninazozitembelea, daftari bado halijafika.

Tuje kwenye fedha, maana najua ndiyo mliyoijia.

Tangu Januari 2016 tunaendesha elimu bila ada, na serikali inatenga ruzuku ya uendeshaji shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Shule yangu ilikuwa na wanafunzi 540. Pigeni hesabu: ni shilingi 3,240,000 kwa mwaka, yaani 270,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, kuna karatasi za mitihani, kuna mpira wa michezo, kuna kitasa cha mlango wa darasa la tatu ambacho kila muhula kinang'olewa. Mwalimu mkuu anayeweza kutoa mradi wa ubunifu katika 270,000 hiyo anyooshe mkono. Simwoni.

Ndiyo maana ruzuku za miradi zilipokuja tulizipokea kwa mikono miwili. Shule yetu ilipata shilingi 1,500,000 za kuanzisha mradi wa kuingiza kipato. Sharti lilikuwa tuandike andiko. Nani aliandika? Tuliandika mimi na mwalimu wa taaluma, usiku mmoja, kwa taa ya sola. Tukaandika kuku. Kwa nini kuku? Kwa sababu hii ni Singida, na kuku wa Singida anajulikana mpaka masoko ya Dar es Salaam. Lakini nikisema ukweli wote, tuliandika kuku kwa sababu shule jirani nayo iliandika kuku. Kwenye andiko letu kulikuwa na sentensi nzuri sana: "Wanafunzi watapata stadi za maisha." Sentensi ile tuliinakili.

Fundi akajenga banda. Tukanunua vifaranga 100 vya chotara, wa mwezi mmoja. Tukapanga zamu: darasa la nne kufagia banda, darasa la tano kuchota maji, darasa la sita kubeba pumba. Niliona tumefanya vizuri.

Mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, kuku mmoja akaamka amepinda shingo. Kesho yake watano. Kinyesi cha kijani, mbawa zimeshuka. Mliofuga mmeshajua ninachokisema. Mdondo. Ndani ya siku tisa tulibaki na kuku saba.

Tulipokuwa tunachimba shimo la kuwafukia, kuna mtoto wa darasa la nne alikuwa amesimama pembeni na fagio lake. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi yangu kuku wake anawatia dawa ya jicho." Nikamwambia rudia. Akarudia. Bibi yake, mama wa kijijini asiyejua kusoma, kila baada ya miezi mitatu alikuwa anatafuta kile kichupa cha chanjo ya mdondo, tone moja jicho moja, kuku baada ya kuku, na mjukuu ndiye aliyekuwa anawashika. Mtoto yule alikuwa amechanja kuku wengi kuliko mwalimu yeyote wa shule yangu. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukusema?" Akanijibu, "Mimi nilikuwa zamu ya kufagia."

Ndugu zangu. Nilikuwa zamu ya kufagia.

Elimu tuliyoihitaji ilikuwa ndani ya banda kila siku, imeshika fagio, na hakuna aliyeiuliza kitu. Kwenye andiko langu mtoto yule alikuwa mnufaika. Kwenye banda langu alikuwa kibarua. Tofauti yake na mimi wa 1970 ilikuwa nini?

Basi tukaanza upya. Ruzuku nyingine haikuwepo. Fedha iliyobaki ilitosha matetea 30 waliokaribia kutaga. Safari hii, kabla ya kununua hata kuku mmoja, tuliwaita watoto. Tukaunda kamati yao, watoto 12, wasichana sita na wavulana sita, kuanzia darasa la nne mpaka la saba. Wakachaguana wenyewe: mwenyekiti, mtunza stoo, mtunza hesabu. Yule mwenye fagio akawa daktari wa kuku, na mwanafunzi wake wa kwanza wa kutia tone la jicho nilikuwa mimi. Nikanunua kauntabuku, hili hapa, nikamkabidhi mtunza hesabu, binti wa darasa la tano. Nikamwambia kila yai liandikwe humu. Akachora safu zake kwa rula: tarehe, yaliyookotwa, yaliyovunjika, yaliyouzwa, fedha, sahihi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipojifunza kazi yangu nikiwa nimebakiza miaka michache ya kustaafu.

Wiki ya tano au ya sita, binti yule akaja ofisini. Akapiga hodi, shikamoo mwalimu, marahaba. Akafungua daftari mezani kwangu. Alikuwa amechora chati ya mistari, kama tulivyomfundisha kwenye Hisabati. Jumatatu mayai 21. Jumanne 19. Jumatano 20. Alhamisi 20. Ijumaa 19. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Nikamsifu, nikamwambia kazi nzuri. Hakuondoka.

Akasema, "Mwalimu, Ijumaa tunaokota 19, Jumatatu 21."

Nikasema, vizuri.

Akasema, "Lakini Jumatatu ingekuwa ya siku tatu. Kuku hawana Jumamosi na Jumapili, mwalimu. Ya siku mbili yako wapi?"

Mnajua yalikuwa wapi? Mengine kwa mlinzi. Mengine kwenye nyumba za walimu. Na trei moja moja ilikuwa inaletwa nyumbani kwangu Jumapili jioni. Niliambiwa ni ya wageni wa ofisi, na mimi sikuuliza ni wageni gani. Nilikuwa nimekula mayai yale pamoja na wajukuu zangu.

Binti alikuwa ameshapiga hesabu. Mayai 40 kila wiki ni mayai 160 kwa wiki nne, ni trei tano na mayai kumi. Trei tulikuwa tunauza 9,000, yai moja moja 300. Jumla shilingi 48,000. Linganisheni na ile 270,000 ya uendeshaji niliyowatajia: ni zaidi ya moja ya sita ya ruzuku ya shule nzima kwa mwezi, ilikuwa inapotea kila Jumamosi na Jumapili, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuiona. Aliiona mtoto wa miaka 11 kwa rula na penseli.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mstarini, bendera imeshapandishwa, nikawaomba radhi watoto 540. Nikalipa trei zangu mbele ya kamati yao, binti akaniandikia na kunisainisha. Jamani, sijawahi kuona mstari umetulia namna ile. Na tangu siku hiyo watoto wakajipangia zamu za Jumamosi na Jumapili, wawili wawili, na mzazi mmoja wa kamati ya shule akiwepo. Sijasema watoto waache kupumzika, na wala kazi ya banda isiingie saa za vipindi. Hilo kamati ya wazazi ilisimamia kwa ukali na ilikuwa sawa kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ruzuku ya biashara shuleni inafundisha nini, simwambii inafundisha kufuga kuku. Kufuga kuku watoto wa Singida wanajua kutoka kwa bibi zao. Inafundisha kuuliza yako wapi. Inafundisha kumuuliza mkubwa, kwa heshima, daftari likiwa wazi mezani.

Nageukia ubunifu. Neno hili siku hizi tunalitaja sana. Tangu mwaka 2019 tuna MAKISATU, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na ninachokipenda ni kwamba shule za msingi nazo zimewekewa kundi lao. Ni jambo jema, lishikilieni. Lakini nimewahi kuona, na nimeumia, kifaa kimeletwa kwenye maonyesho ya wilaya kimechomelewa na fundi wa mjini, kimepakwa rangi, na mtoto aliyesimama nyuma yake amekariri maelezo kama shairi. Ukimuuliza nje ya alichokariri, macho yanamtafuta mwalimu.

Ubunifu wa mtoto hauna sura hiyo. Nitawaambia wa kwetu ulikuwa na sura gani.

Mnajua mlenda. Mnajua bibi zetu wanavyoanika majani juu ya mawe yetu haya makubwa, jua likipiga jiwe linakuwa kikaango. Na mnajua shida yake: vumbi, nzi, mbuzi. Watoto wa darasa la sita wakaleta ombi kwenye kamati yao ya kuku. Wanataka shilingi 38,000 kutoka kwenye faida ya mayai, watengeneze sanduku la kukaushia mboga. Mbao, misumari, nailoni nyeupe ya juu, rangi nyeusi ya ndani, wavu wa mbu wa kutandaza majani. Wakubwa tulicheka kidogo. Kamati ya watoto haikucheka. Ilijadili siku mbili, ikapunguza ombi mpaka 31,000 kwa kuwa mbao za banda zilikuwa zimebaki, ikatoa.

Wakaunda. Wakaweka majani ya kunde. Siku ya tatu wakafungua: ukungu mtupu. Yameoza.

Niambieni, kwenye fomu zetu za ripoti za ruzuku, kuna mstari wa kuandika "tulikosea mara ya kwanza"? Mimi sijawahi kuuona. Tunaulizwa lengo limefikiwa kwa kiwango gani, fedha imetumika kwa asilimia ngapi. Mwalimu mwenye mboga zilizooza ataandika nini? Ataandika uongo, au msimu ujao ataomba kuku.

Watoto walikaa chini ya mwembe wakabishana. Mmoja akasema joto lipo, mbona hayakauki? Mwingine akasema nguo nazo ukizifungia ndani kwenye joto zinanuka, zinataka upepo. Wakatoboa matundu chini upande wa mbele, na mengine juu upande wa nyuma. Hewa baridi ikaingia chini, ikapata joto, ikapanda na unyevu wake, ikatokea juu. Somo lile la hewa ya moto kupanda lipo kwenye kitabu cha Sayansi, nimelifundisha miaka na miaka ubaoni kwa chaki. Siku ile nilimwona mtoto ameweka kiganja kwenye tundu la juu, akaruka, akapiga kelele, "Inatoka! Inatoka na jasho!" Majani yakakauka kwa siku mbili, ya kijani, safi. Kiangazi kile chakula cha mchana shuleni kilikuwa na mboga.

Shilingi 31,000, ndugu zangu. Na nyingine 6,500 za kurekebisha makosa.

Kwa hiyo ninyi mnaotoa ruzuku, na ninyi mnaozigawa ngazi ya shule, nina ombi, na nitalirudia mpaka mnichoke. Msizimwage zote kwenye banda siku ya kwanza. Tengeni fungu la kujaribu. Liwe dogo. Liamuliwe na watoto, wakubwa mkikaa nyuma kama mashahidi. Na mtoto aliyejaribu akakosea, akaandika alivyokosea, huyo ndiye apewe fungu la pili. Mengine mnayajua kuliko mimi: fedha ipite akaunti ya shule, watia saini, mukhtasari wa kikao, risiti. Hayo ni lazima, sina la kuongeza.

Niseme na wafanyabiashara kidogo, kisha nikae.

Tunawashukuru kwa madawati. Tunawashukuru kwa mifuko ya saruji. Majina yenu yameandikwa ubavuni mwa madawati na watoto wanayasoma kila siku. Mkitaka kuchangia kwa njia ya kitaifa upo Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania. Waulizeni wahasibu wenu kuhusu nafuu ya kodi kwa wachangiaji wake. Lakini mimi leo naomba kitu ambacho hakiandikwi ubavuni mwa dawati.

Kulikuwa na mama mmoja sokoni anauza vyakula vya mifugo. Watoto walipoishiwa walikwenda kwake na daftari lao, wakamwomba pumba kwa mkopo. Angeweza kuwapa bure, ana moyo huo. Hakuwapa bure. Aliwavutia benchi, akafungua daftari lao, akasoma kurasa tatu nzima huku wateja wanamsubiri. Akauliza mbona wiki ile mayai yamevunjika saba. Wakajieleza. Akawapa gunia mbili, akawasainisha, akasema Ijumaa saa tisa. Ijumaa walichelewesha. Walipokwenda Jumatatu kutaka gunia la tatu, aliwaambia, "Wanangu, lipeni la jana ndipo tuzungumze la leo." Wakarudi wamenuna. Jumatano wakalipa, na wakaja ofisini kwangu kunieleza kwamba kuanzia sasa fedha ya chakula cha kuku itengwe kabla ya kugawa faida. Nani aliwafundisha hilo? Mimi nina cheti cha ualimu. Yeye ana duka.

Njooni namna hiyo. Mara moja kwa mwezi, nusu saa. Leteni mtaji kama mnao, lakini mkija njooni mfungue daftari, muwaulize watoto maswali mnayowauliza wauzaji wenu. Mtoto akiulizwa swali la kweli na mfanyabiashara wa kweli anajiona mtu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namaliza.

Daftari hili binti aliniazima alipojua nakuja kwenu. Yuko sekondari sasa. Ameniambia nihakikishe linarudi, na amehesabu kurasa. Nalipitisha kuanzia meza ya mbele, lizunguke mpaka nyuma, msikunje pembe zaidi ya zilivyokunjika. Mtaliona doa la yai, hiyo ni siku ambayo daktari wetu wa kuku alijikwaa. Mtaona sahihi yangu, trei zangu na shilingi nilizolipa. Kisha fungueni ukurasa wa juma la saba, mtazame Jumamosi na Jumapili. Kwa mara ya kwanza kuna namba: 20, na 19.